Alianguka na bodaboda, bado anameza fenitoini: aache lini?

Tangu niandike juu ya ajali za bodaboda, barua zinazonifikia zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Dada mmoja wa Morogoro anasema mdogo wake alianguka na pikipiki bila kofia ngumu, akapoteza fahamu, akapasuliwa kutolewa damu iliyovilia ndani ya fuvu, akarudi nyumbani na mfuko wa vidonge vya fenitoini. Miezi 8 imepita. Kijana hajaanguka kifafa hata siku moja. Fizi zimeanza kuvimba, mchana anasinzia, na kila anayekuja kumjulia hali ana ushauri wake. Aache au aendelee? Chini kabisa ya barua, kwa mwandiko mdogo, kuna swali la tatu. Hilo nitalijibu mwishoni.

Swali ambalo karibu hakuna aliyeniuliza ndilo la kwanza: alipewa dawa hiyo kwa sababu gani? Watu wawili wanaweza kukaa benchi moja kliniki wakimeza kidonge kilekile kwa sababu mbili zisizohusiana. Mmoja hajawahi kuanguka kifafa, alipewa kinga. Mwenzake alianguka wiki au miezi baada ya ajali. Yeye yuko kwenye tiba. Ushauri wa mmoja ukimfikia mwenzake, unaweza kumuua.

Kuhusu kinga, jibu tunalo tangu mwaka 1990. Nancy Temkin na wenzake wa Seattle, Marekani, waliwachukua wagonjwa 404 walioumia vibaya kichwani, nusu wakapewa fenitoini na nusu vidonge visivyo na dawa. Wiki ya kwanza dawa ilishinda wazi: walioanguka kifafa ni asilimia 3.6 kwa waliopewa fenitoini, na asilimia 14.2 kwa wenzao. Kuanzia siku ya 8 hadi mwisho wa mwaka, faida ikayeyuka. Walioanguka ni asilimia 21.5 upande wa dawa na 15.7 upande wa pili, tofauti ambayo kitakwimu yaweza kuwa ya bahati tu. Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa majeraha ya ubongo inataja siku 7.

Sababu yenyewe inavutia. Kifafa cha wiki ya kwanza huletwa na jeraha bichi: damu iliyomwagika, uvimbe, kemikali zilizovuja kutoka kwenye seli zilizopasuka. Kifafa cha baadaye huzaliwa na kovu. Seli zilizobaki hai huchipua matawi mapya na kuunganishwa ovyo, kazi inayochukua miezi. Fenitoini hutuliza umeme wa ubongo, lakini haizuii kovu kujijenga.

Basi kwa nini kijana wa Morogoro bado anameza? Kwa sababu fomu yake ya kuruhusiwa iliandikwa "aendelee na dawa," bila tarehe ya mwisho, na duka la dawa halina desturi ya kuuliza. Nimeziona fomu kama hizo mara nyingi kiasi kwamba sishangai tena, ila hasira haijaniisha.

Hata hivyo asitupe vidonge leo. Hapa naomba uvumilivu, maana ndipo penye utamu.

Anza na fenobabitoni, kidonge kingine cha kifafa, cha bei nafuu, kinachotumika tangu 1912. Ubongo una breki zake: kemikali iitwayo GABA hufungua vilango vidogo kwenye seli, na seli hupoa. Fenobabitoni huvifanya vilango vibaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Sasa, nyumba ikipata mlinzi mzuri wa usiku, wenyewe huanza kusahau makufuli. Ubongo nao hufanya vivyo hivyo: ukizoea msaada wa nje, hulegeza breki zake wenyewe. Mfukuze mlinzi ghafla usiku wa manane, utakuta geti halina kufuli. Valiamu, yaani diazepamu, ina tabia hiyohiyo. Kifafa kinachotokea hapo si lazima kiwe kimetokana na ajali. Chaweza kuwa kimeletwa na kuacha ghafla kwenyewe.

Fenitoini ina hila nyingine, na hii naipenda zaidi. Dawa nyingi ukipunguza dozi kwa theluthi, kiwango kwenye damu hushuka kwa theluthi. Fenitoini haifuati hesabu hiyo, kwa sababu vimeng'enya vya ini vinavyoivunja ni kama pantoni ya Kigamboni. Magari yakiwa machache, yote huvushwa. Pantoni ikikaribia kujaa, kila gari linaloongezeka hurefusha foleni ya Magogoni kuliko ulivyotarajia. Chukua mtu wa kilo 60 mwenye ini la wastani. Akimeza miligramu 300 kwa siku, hesabu inampa kama miligramu 10 kwa kila lita ya damu. Mwongezee 50 tu, kiwango kinafika 20, na hapo anaweza kuanza kuyumba kama mlevi. Mshushe kutoka 300 hadi 200: dozi imepungua theluthi moja, lakini kiwango kinaanguka hadi karibu 3.6, yaani kimepoteza zaidi ya nusu. Mtu anayejipunguzia "kidonge kimoja tu" anadhani ameteremka ngazi moja, kumbe ameruka kutoka dirishani.

Kuna jambo la pembeni lisilopaswa kuwa pembeni. Fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini huchochea ini livunje dawa nyingine haraka, ikiwemo dolutegravir wanayomeza watu wengi wanaoishi na VVU, pamoja na baadhi ya dawa za uzazi wa mpango. Ukianza au ukiacha moja ya hizo, daktari wa kliniki ile nyingine naye lazima ajue.

Sasa wale ndugu wa redioni. Mtaalamu wa mizizi anatangaza chupa ya "kuyeyusha damu iliyoganda kichwani na kusafisha sumu za hospitali," sharti lake la kwanza likiwa uache vidonge siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza mgonjwa aliyekuwa akimeza fenobabitoni anachangamka, usingizi umepungua, familia inapiga simu studio kushukuru. Kinachofanya kazi siku hizo ni fenobabitoni ileile aliyoiacha! Huchukua takriban siku 4 kupungua nusu mwilini. Siku ya 8 imebaki robo, siku ya 12 imebaki sehemu moja ya nane. Ndipo mgonjwa anaanguka, na mtaalamu anasema ni sumu inatoka, ongeza chupa. Damu iliyovilia ndani ya fuvu ama mwili huinyonya wenyewe polepole, ama daktari huitoa kwa upasuaji. Hakuna mzizi unaofika huko.

Uongo mwingine ninaousikia kila wiki ni kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Haliambukizi. Dk. Louise Jilek-Aall, mwanamke wa Norwei aliyefungua kliniki ya kifafa Mahenge karibu na mwaka 1960, alikuta imani hiyo imewatenga wagonjwa na jamaa zao, na leo bado naletewa kama habari mpya. Kijiko mdomoni huvunja meno. Kiatu puani hakifanyi chochote. Na ile kauli ya "dawa za kifafa ukizianza huziachi" ni uongo pia: katika utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 1991, watu 1,013 waliokaa angalau miaka 2 bila kuanguka waligawanywa, na baada ya miaka 2 mingine asilimia 59 ya walioachishwa dawa taratibu walikuwa bado hawajaanguka. Walioendelea na dawa walikuwa 78. Uamuzi ni kupima hatari hiyo dhidi ya usingizi na fizi, na kila mtu ana mizani yake.

Deksamethasoni nayo inaniudhi. Bado kuna anayeiuza "kupunguza uvimbe wa ubongo" baada ya ajali, ingawa jaribio la CRASH lenye wagonjwa 10,008 lilionyesha mwaka 2004 kwamba steroidi ziliongeza vifo ndani ya wiki 2: asilimia 21.1 dhidi ya 17.9. Aliyeimeza kwa wiki kadhaa, hata kama alitaka kunenepa tu, asiikate ghafla. Tezi zinazotengeneza homoni ya namna hiyo zimelala, na zinahitaji muda kuamka.

Ushauri, kwa haraka. Nenda kliniki na vidonge vyenyewe mkononi, uulize kama ni kinga au tiba. Kinga ya siku 7 mara nyingi hukatwa bila safari ndefu. Iliyomezwa kwa miezi hushushwa kwa hatua, dawa moja kwa wakati mmoja, na fenobabitoni ndiyo huenda polepole kuliko zote. Andika tarehe ya kila hatua kwenye daftari. Usianze hatua mpya wakati wa malaria, mfungo au mkesha. Pombe iache. Tramadoli hushusha kizingiti cha kifafa, kwa hiyo usiinunue kwa maumivu ya kichwa. Na hata paracetamoli, ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, yenyewe huleta maumivu ya kichwa, nayo unaweza kuikata mara moja. Akianguka, mlaze ubavu, tazama saa, na zikipita dakika 5 mpeleke hospitali.

Dada wa Morogoro, swali lako la tatu lilikuwa kama mdogo wako anaweza kurudi kijiweni huku anapunguziwa dozi, kwa sababu pikipiki ni ya mkopo na marejesho ni ya kila wiki. Hapana. Uingereza madereva hushauriwa wasiendeshe kipindi chote cha kupunguza, na miezi 6 baada ya kidonge cha mwisho. Mtafutieni dereva wa kugawana naye hesabu.