Kabla ya kuota Italia, umewahi kufika Kikima?

Unazijua zile picha. Mji wa mawe juu ya kilima, mnara wa kanisa, mashamba ya mizabibu yakiteremka hadi bondeni, na mtu amesimama akitazama jua likizama kama hana deni hata moja duniani. Mara nyingi ni Italia, miji kama San Gimignano, ambayo minara yake 14 ya enzi za kati ingali wima na ambayo UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1990. Unaangalia, unalaiki, unaendelea kuskroli. Nauli ya ndege utatoa wapi?

Sasa nikuulize: umewahi kufika Kikima? Na Nunguni je?

Usicheke kwanza. Najua ukisikia Ukambani unawaza jua kali, vumbi na mitungi ya maji. Hiyo ni Ukambani ya dirishani, ile unayoiona ukiwa kwenye basi la Mombasa huku umevaa vipokea sauti masikioni. Siku moja shuka maeneo ya Salama, upande matatu inayoingia kushoto kuelekea vilima vya Kilungu. Barabara inaanza kujipinda, masikio yanaziba, hewa inabadilika. Ukifika Nunguni, juu kabisa, utaomba sweta. Asubuhi ukungu unafunika soko, na chai ya hotelini unaishika kwa mikono miwili.

Kikima, kule Mbooni, ni vivyo hivyo: soko lililokaa juu ya vilima, kahawa na maparachichi kwenye miteremko, na chini kabisa nyanda kavu zinazoendelea hadi macho yachoke.

Wale Waitaliano hawakujenga juu ili wapigwe picha. Walipanda vilimani wamwone adui angali mbali, na kukwepa homa za mabondeni. Wakamba nao walikuwa na hesabu zao. Wanahistoria husema kwamba kufikia karne ya 17 walikuwa wamepiga kambi ya kudumu Mbooni. Huko juu kulikuwa na mvua, udongo mzuri, na usalama dhidi ya wavamizi waliotamba nyandani. Kutoka Mbooni walisambaa hadi Kilungu na kwingineko, na wengine wakavuka Mto Athi kuelekea Kitui.

Ukitaka kuanzia mwanzo kabisa, panda SGR ushuke Emali, kisha ushike barabara ya Wote. Utauona mlima wa Nzaui na mwamba wake. Masimulizi ya Wakamba husema kwamba Mulungu aliwashusha mwanamume na mwanamke wa kwanza kwenye mwamba huko Nzaui, na kwamba nyayo zao na za mifugo wao zimebaki hapo. Uamini usiamini, ukisimama chini ya mlima ule utaelewa kwa nini hadithi hiyo ilichagua kukaa pale.

Lakini utauliza, minara iko wapi? Kuta za mawe ziko wapi?

Angalia chini ya miguu yako. Ile miteremko ya Mbooni na Kilungu imekatwa ngazi ngazi, moja baada ya nyingine, hadi bondeni. Hiyo si kazi ya Mungu, ni ya majembe. Inaitwa fanya juu: unachimba mtaro kuukata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa ya mvua shamba linajisawazisha lenyewe. Jina hilo la Kiswahili sasa linatumiwa na wataalamu wa udongo katika nchi nyingi.

Kuna kisa nyuma yake. Miaka ya 1930, maafisa wa kikoloni walisema ardhi ya wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ilikuwa imeharibika kiasi cha kukatisha tamaa. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwanyang'anya watu ng'ombe wao, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kulalamika. Matuta ya kulazimishwa yalichukiwa. Ila baadaye watu walichimba yao, kwa vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa akina mama. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba idadi ya watu wilayani iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado ardhi ikawa na afya kuliko zamani.

Kwa hivyo ukipiga selfi hapo, umesimama juu ya jasho la nyanya ya mtu. Pengine ni yako.

Kitui nako usikukose. Nje kidogo ya mji kuna jiwe la Nzambani, limesimama peke yake kama lililosahauliwa. Lipa kiingilio, panda ngazi za chuma, na usiangalie chini ikiwa moyo wako ni mwepesi. Wenyeji watakuambia ukilizunguka mara saba utageuka: mwanamume awe mwanamke, mwanamke awe mwanamume. Jaribu mara sita, halafu upumzike!

Ukiwa huko, kumbuka Kivoi Mwendwa, tajiri wa misafara ya pembe za ndovu kati ya Kitui na pwani. Ndiye aliyemkaribisha mmishonari Johann Ludwig Krapf. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao wenyeji wake walikuwa wakiujua miaka yote. Akaandika jina lake kama alivyolisikia kwao. Ulaya wengine walimcheka, eti theluji itatoka wapi kwenye ikweta. Jina lile leo liko kwenye pasipoti yako.

Nenda Desemba au Januari, baada ya mvua za vuli, vilima vikiwa kijani na maembe yakiiva. Beba sweta, viatu vya kupanda na salio la M-Pesa. Usitarajie hoteli ya nyota tano. Tarajia muthokoi moto na kitanda safi. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na ukisaidiwa sema "muvea".

Na kama huko ndiko kwenu, sikiza. Wengi wetu tunaenda ocha kwa mazishi tu. Tunafika asubuhi, tunazika, tunakula, jioni tuko Mlolongo kwenye msongamano wa magari. Yule tuliyemzika ndiye aliyejua nani alichimba mtaro wa kwanza, na kwa nini shamba la chini linaitwa jina lile. Hakuna aliyemuuliza. Matuta nayo yanataka kurudishiwa udongo kila mwaka, na wenye nguvu wote wako Nairobi.

Safari hii usingoje kifo. Fika kwa susu akiwa bado anaweza kutembea. Zima simu, shika jembe nusu siku, halafu mwambie akupeleke hadi mwisho wa shamba akikuonyesha kila mtaro na mwenyewe. Picha utapiga jioni.