Kuku Hajataga, Marejesho Yameanza

Tuchukue mfano wa kikundi cha vijana watano, pembezoni mwa mji wowote wa Tanzania. Wamepata shilingi milioni 6 kutoka halmashauri, mkopo usio na riba hata senti moja. Wamejenga banda, wamenunua vifaranga 200 vya kuku wa mayai, wamechanja kwa wakati. Mkataba unasema watarejesha shilingi 500,000 kila mwezi kwa miezi 12, na rejesho la kwanza ni mwisho wa mwezi wa pili.

Sasa tumuulize kuku. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, yaani karibu miezi mitano. Kabla ya hapo kazi yake ni kula, na hadi afike umri huo atamaliza kilo 7 hivi za chakula. Kwa kuku 200 hiyo ni kilo 1,400, sawa na mifuko 28 ya kilo 50. Mwisho wa mwezi wa tano vijana hawa watakuwa wamesharejesha mara nne, jumla shilingi milioni 2, na bado hawajauza trei hata moja.

Milioni 2 hizo zimetoka wapi? Zimetoka kwenye mkopo wenyewe. Theluthi ya mtaji imerudi ilikotoka kabla haijafanya kazi. Mifuko ya chakula inaanza kupungua, kuku wanapunjwa, na kuku aliyepunjwa huchelewa kutaga. Kufikia mwezi wa sita kikundi kinauza kuku kwa ajili ya nyama ili kilipe deni. Afisa maendeleo ya jamii ataandika kwamba mradi umekufa kwa usimamizi mbovu. Mimi naona umekufa siku mkataba uliposainiwa, maana tarehe za marejesho hazikuwa za kuku.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tunapoisikia methali hiyo tunafikiri riba. Mfano wetu hauna riba, na matanga yako palepale. Kwa miaka mingi tumejadili wanawake na vijana wapewe kiasi gani na kwa riba gani. Swali la tatu hatuliulizi vya kutosha: walipe lini?

Mikopo midogo ya kisasa ilizaliwa na kalenda yake. Muhammad Yunus alianza kuwakopesha watu maskini wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, mwaka 1976. Benki ya Grameen iliyotokana na kazi hiyo ilianzishwa rasmi mwaka 1983, na mwaka 2006 Yunus na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Amani ya Nobeli. Mfumo wake ulikuwa mwepesi kuiga: wanawake wanakaa kikundi, wanadhaminiana, wanalipa kidogokidogo kila wiki, na malipo yanaanza mapema. Malipo ya haraka yanamjengea mkopaji nidhamu na kumpa mkopeshaji taarifa mapema kama kuna tatizo. Nchi nyingi zilichukua mfumo huo na ratiba yake, bila kujiuliza kama kila biashara inaingiza pesa kila wiki.

Zipo zinazoingiza. Mama lishe hununua mchele, maharage na mkaa alfajiri, na jioni pesa yake imerudi na faida juu. Kijana wa bodaboda anaingiza kila siku, na ndiyo maana utaratibu wa mkataba umeenea mijini. Mwenye pesa ananunua pikipiki, kijana anampelekea hesabu, tuseme shilingi 10,000 kwa siku, na muda wa mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Hakuna aliyepeleka utaratibu huu kwenye semina. Umedumu kwa sababu hesabu ya kila siku inakwenda na kazi ya kila siku, na pikipiki yenyewe ndiyo dhamana. Tatizo lake ni kwamba mikataba mingi haina siku ya kuugua. Kijana akivunjika mguu, hesabu inaendelea kudaiwa, na pikipiki iliyobakiza wiki chache inaweza kurudi kwa mwenyewe.

Nchini Kenya tunaona jambo hilohilo kwa sura nyingine. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, na mkopo wake wa mtu binafsi ulipangiwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa siku 14. Kwa shilingi 10,000 za Kenya, riba ya siku hizo 14 ni kama shilingi 31, bei ambayo hakuna mkopeshaji wa mtaani atakayeikaribia. Mama mboga anayenunua sukuma wiki asubuhi na kuimaliza jioni anaweza kuizungusha pesa hiyo mara kadhaa kabla ya siku ya kulipa. Fundi anayetaka kununua cherehani hawezi. Hakuna cherehani inayorudisha gharama yake kwa wiki mbili, hata mkopo ungekuwa wa bure. Mkopo ni uleule na riba ni ileile, ila unamfaa mmoja na kumbana mwingine.

Tuvuke sasa hadi Unguja, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, na kazi hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Huvunwa baada ya wiki sita hivi, huanikwa, kisha husubiri mnunuzi. Mvua za masika zinapoingia, kuanika kunakuwa shida. Aina yenye bei nzuri, cottonii, imekuwa ikifa kadiri maji ya bahari yanavyopata joto, hivyo wengi wamebaki na spinosum, ambayo bei yake ni ndogo. Mama anayelima mwani hapati kipato cha wiki. Anapata mafungu, na kati ya fungu na fungu mfuko ni mkavu. Ukimpa ratiba ya kila Ijumaa, utamfundisha kukopa kwa jirani ili amlipe mkopeshaji.

Hapa ndipo tunapoona werevu wa vikundi vya hisa, ambamo wanachama huweka akiba na kukopeshana. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya aina hii kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, na mbegu yake ikasambaa Afrika nzima. Kwetu tumewazoea ndugu zake kwa jina la VICOBA. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Kila mkutano mwanachama hununua hisa, kwa kawaida kati ya moja na tano.

Nafasi hiyo ya kuchagua kati ya moja na tano ndiyo inayovitofautisha na upatu, au mchezo kama wengine wanavyouita. Katika mchezo kila mtu anatoa kiasi kilekile kila zamu, akiwa nacho au hana. Katika hisa, mkulima wa mwani hununua moja wiki ya ukame na tano wiki aliyouza. Kikundi kimekubali kwamba pesa ya mwanachama ina majira yake. Na riba anayolipa akikopa haiendi mbali, kwa kuwa mwisho wa mzunguko inagawanywa kwa wanachama kulingana na hisa zao.

Tusipambe kupita kiasi, maana hisa zina mipaka yake. Watu 20 wakinunua kila mmoja hisa tatu za shilingi 2,000 kwa wiki, baada ya wiki 48 wanakuwa wameweka shilingi 5,760,000. Ni fedha ya maana kwa ada na bati, lakini haitoshi wote 20 wakitaka kununua mashine za kukoboa. Tena anayekopa sana na kuweka kidogo ndiye anayemlipia faida anayeweka sana. Na vikundi vingi hugawana Desemba, pesa ikapita kwenye sikukuu na ada za Januari bila kugusa biashara.

Mkopo wa siri unaingia kwenye pengo hilo, ule ambao mtaani unaitwa kausha damu. Unapatikana saa hiyohiyo, bila kikundi wala andiko. Tuseme mama amekopa shilingi 100,000 na atalipa 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla ni 130,000, na mkopeshaji atamwambia riba ni asilimia 30. Si kweli. Mama hakukaa na 100,000 kwa siku zote 26, kwa sababu kila siku alirudisha kipande. Kwa wastani alikuwa na karibu nusu tu ya fedha hiyo mkononi, na kwa nusu hiyo amelipa 30,000. Riba halisi inazidi asilimia 50 kwa mwezi mmoja. Kama alikatwa ada ya fomu kabla ya kupewa, inapanda zaidi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha kibiashara awe na leseni, kwa hiyo kabla ya kusaini una haki ya kuomba kuiona.

Je, kuchelewesha rejesho la kwanza kunasaidia kweli? Swali hili limepimwa. Wachumi wanne, Erica Field, Rohini Pande, John Papp na Natalia Rigol, walifuatilia wakopaji mjini Kolkata, India, na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Wakopaji wengine walianza kulipa baada ya wiki mbili, wengine baada ya miezi miwili. Waliosubiri waliwekeza zaidi kwenye biashara, na karibu miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa imewapita wenzao. Lakini pia walioshindwa kulipa walikuwa wengi zaidi upande huo. Muda wa kusubiri unamwezesha mtu kuthubutu, na kuthubutu kuna hasara zake. Mkopeshaji anayeogopa si mjinga. Ana sababu, ila woga wake unawabana hata wale ambao wangefaulu.

Magharibi mwa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulitazama wakulima wa mahindi. Kila mwaka walikuwa wakiuza msimu wa mavuno kwa bei ya chini, kwa sababu ada na madeni hayasubiri, kisha wakinunua mahindi yaleyale baadaye kwa bei ya juu. Walipopewa mkopo wakati wa mavuno waliweza kuhifadhi magunia na kuuza bei ilipopanda, na mapato yao yakaongezeka. Shamba halikupanuliwa na mbegu haikubadilishwa. Kilichobadilika ni mwezi wa kupata pesa.

Turudi kwenye halmashauri zetu. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya kelele za vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, na iliporudi mwaka 2024, halmashauri 10 kati ya 184 zilichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Marekebisho hayo yanajibu swali la nani anapewa na nani anasimamia. Ni maswali ya haki, maana kikundi hewa kinamnyang'anya mtu halisi. Lakini mkopo ukimfikia mtu halisi kwa ratiba isiyo yake, utapotea vilevile.

Kwa hiyo, msomaji, kama una kikundi au mdogo wako anakusanya saini za kuomba mkopo, kaeni chini na karatasi yenye safu mbili kabla ya kujaza fomu. Safu ya kwanza andikeni, wiki kwa wiki, lini pesa itaingia kutoka kwenye mradi, si lini mnatamani iingie. Safu ya pili andikeni tarehe za marejesho. Kila mahali ambapo rejesho linatangulia mapato, semeni pesa hiyo itatoka wapi. Kama jibu ni kwenye mkopo wenyewe, ombeni kipindi cha neema, yaani muda wa kusubiri kabla ya rejesho la kwanza, au chagueni mradi mwingine. Kuku wa nyama huuzwa baada ya wiki tano au sita, na bustani ya mchicha huvunwa ndani ya mwezi mmoja hivi. Nanyi maafisa mnaoandaa mikataba, msitoe ratiba moja kwa mama lishe, mfugaji na fundi cherehani.

Kuku wa mayai atataga wiki ya 18 hadi ya 20. Tarehe hiyo haijadiliwi. Ya rejesho inajadilika.