Barafu ya Kibo, maneno ya watafiti na maji ya mifongo



Katika ziara zetu kwenye sharika za mlimani tumeulizwa zaidi ya mara moja: mbona wataalamu walisema barafu ya Kilimanjaro itakwisha ifikapo mwaka 2020, na hadi leo tunaiona? Wapo wanaoongeza kwamba basi habari zote za mabadiliko ya tabia nchi ni maneno ya kutafutia fedha. Tumeona ni vema tulijibu swali hili hapa, kwa kuwa maandiko ya miradi tunayowapelekea wafadhili yanategemea kazi ya watafiti hao hao. Isitoshe, wao wenyewe wamekuwa wakijiuliza kwa miaka mingi namna wanavyopaswa kusema na wananchi.

Tuanze na kile kilichosemwa hasa. Mwaka 2000 Profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alipanda Kibo na wenzake wakachimba mihimili sita ya barafu. Mwaka 2002 walichapisha matokeo yao. Walieleza kwamba eneo la barafu, lililokuwa kama kilometa za mraba 12 mwaka 1912, lilikuwa limepungua kwa asilimia 80 hivi, na kwamba endapo hali ile ingeendelea, barafu iliyobaki huenda ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Neno "endapo" lilikuwemo, na "huenda" pia. Lakini habari ilipofika magazetini na kwenye filamu maneno hayo mawili yalidondoka njiani, ukabaki mwaka peke yake. (Mhariri yeyote anajua kwamba "endapo" haiuzi gazeti.)

Watafiti wengine, akiwemo Georg Kaser wa Innsbruck, Austria, na Douglas Hardy wa Massachusetts, aliyeweka kituo cha hali ya hewa juu ya barafu yenyewe mwaka 2000, walitazama jambo hili kwa namna nyingine. Huko kileleni hewa kwa kawaida iko chini ya nyuzi sifuri. Kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu haipotei kwa kuyeyuka kutokana na joto la hewa, bali hugeuka mvuke moja kwa moja kwa jua kali na ukavu, kama kipande cha barafu kinavyopungua ndani ya friza bila kuacha tone. Walionyesha pia kwamba barafu ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipokuwa kavu zaidi na theluji mpya ikapungua.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wanaopinga kwamba dunia inapata joto waliyachukua maelezo hayo kama ushahidi wao. Mwaka 2007 Kaser na Philip Mote walilazimika kuandika wazi kwamba Kilimanjaro ni mlima wenye mazingira ya pekee, na kwamba kusinyaa kwa barafu yake hakuwezi kutumiwa kukanusha ongezeko la joto, ambalo ushahidi wake mwingine ni mwingi na wenye nguvu.

Pigo lingine lilikuja mwaka 2010, jopo la Umoja wa Mataifa liitwalo IPCC lilipokiri kwamba ripoti yake ya mwaka 2007 ilikosea kusema barafu za Himalaya zingeweza kutoweka ifikapo 2035. Lilikuwa kosa la aya moja katika ripoti ya maelfu ya kurasa, lakini wengi waliacha kuiamini ripoti nzima.

Stephen Schneider wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyefariki mwaka 2010, aliueleza mtego huu tangu mwaka 1989: mtafiti anadaiwa na sayansi aseme mashaka yake yote, na kama raia anatamani kusikika ili watu wachukue hatua. Baadhi ya wenzake huchagua kukaa maabara. Wengine, kama James Hansen, aliyetoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani mwaka 1988, husema hadharani hata wakilaumiwa. Sisi hatuoni kwamba mtafiti anayenyamaza ni mwaminifu kuliko anayesema. Tunachoomba ni kwamba "endapo" ifike nasi hadi usharikani. Mkulima anayesikiliza utabiri wa vuli anajua kuishi na "huenda". Hupanda mahindi kidogo, na mtama kidogo.

Na barafu? Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba zile za Kilimanjaro na Mlima Kenya zitakuwa zimetoweka ifikapo mwaka 2050.

Sasa tuje kwenye jambo linalogusa kamati zetu moja kwa moja. Maandiko kadhaa yanayofika ofisini huanza kwa kusema kwamba mifongo inakauka kwa sababu barafu imekwisha. Ndugu zetu wafadhili hulipenda sentensi hilo, lakini halina msingi. Mchango wa barafu katika maji ya mlima ni mdogo sana. Maji yetu hutoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Andreas Hemp wa Bayreuth, Ujerumani, aliyeuchunguza msitu huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto unaoteketeza misitu ya juu hutupunguzia maji kuliko kutoweka kwa barafu. Moto wa Oktoba 2020 wengi wetu tuliuona tukiwa majumbani.

Kwa hiyo, kamati zinazoandaa maandiko ya robo ijayo ziandike yale zilizoyaona: mfongo upi, ulipungua tangu mwaka gani, miezi mingapi kwa mwaka hauna maji, msitu wa juu yake uliungua au ulikatwa lini. Wazee wanaogawa zamu za maji waulizwe kwanza, na mwaka wasioukumbuka uachwe wazi kwenye fomu.