Mguu wa Bandia na Matope ya Kipkelion

Wataalamu wa viungo bandia wana jarida lao liitwalo Prosthetics and Orthotics International. Limechapishwa tangu mwaka wa 1977, nalo ni sauti ya chama cha kimataifa kilichoasisiwa Copenhagen mwaka wa 1970. Humo hujadiliwa miguu ya bandia, vyuma vya kushikilia viungo dhaifu, na njia za kumrejesha mgonjwa katika shughuli zake. Je, mwalimu na mwanafunzi wa Kipkelion wana haja gani nalo?

Haja ipo, tena kubwa. Mwaka wa 2006 jarida hilo lilichapisha utafiti juu ya nyayo za mpira za Jaipur, zilizobuniwa India, jinsi zilivyowafaa watumiaji wa nchi maskini. Nikizitazama njia zetu, kutoka stesheni ya reli hadi kwenye mabonde ya kahawa na chai, naona hilo ndilo swali letu pia. Mguu uliotengenezewa sakafu laini hautafika mbali katika matope ya masika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa mtoto mambo ni mazito zaidi. Mfupa hukua, plastiki haikui. Kikombe kinachopokea kigutu hubana, ngozi huchubuka, na mtoto huanza kukosa masomo. Daftari la mahudhurio litaonyesha kwamba hakuja. Halitaonyesha kwamba mguu haumtoshi tena.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vyake. Naamini haki hiyo haitimizwi kwa mguu unaotolewa mara moja mbele ya wapiga picha. Hutimizwa kwa mguu unaopimwa upya kila mtoto anapokua, na kwa fundi aliye karibu wa kuukarabati.

Mafundi hufunzwa Nairobi, na pia Moshi katika chuo cha TATCOT. Lakini elimu yao imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali anayevaa mguu huueleza uchungu wake kwa Kiswahili au Kipsigis. Hapo ndipo shule zetu zinapoweza kusaidia. Mwanafunzi na amsaidie jirani kuandika mguu ulivaliwa lini, ulipasuka lini, na katika njia ipi. Fundi akiletewa daftari kama hilo, atakuwa na ushahidi ambao hata wahariri wa jarida hawawezi kuupuuza.