Umerudi na mashine ya santuri? Soma kibandiko chake kwanza

Na Mwandishi Wetu

SHEMEJI yangu aliporejea kutoka Marekani alishusha kwenye kontena mashine nzuri ya santuri, akanunua na transfoma ya umeme, kisha akatualika Jumapili tusikilize santuri za marehemu baba yake. Franco alipoanza kuimba tuliangaliana. Sauti ilikuwa nzito, na gitaa likijikokota kama lori la mkaa mlimani. Mwenyewe alidhani sindano imechoka.

Kumbe tatizo ni umeme. Wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu wa Afrika Mashariki ni volti 220 hadi 240 na mizunguko 50. Transfoma hupunguza volti tu, mizunguko haiigusi. Mashine nyingi za zamani za mkanda zina mota inayofuata mizunguko hiyo, hivyo santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika huzunguka kama mara 28. Kwa baadhi yake dawa ni kubadili puli ya mota, kipuri ambacho si rahisi kukipata huku.

Basi, ndugu msomaji unayefikiria kuboresha mashine ya nyumbani, geuza chombo usome kibandiko kabla ya kusifia rangi ya mbao. Penye “50 Hz” pana usalama. Mashine mpya nyingi hutumia adapta ndogo, na ikiwa imeandikwa volti 100 hadi 240, chomeka bila wasiwasi.

Zipo pia zisizo na mkanda, ambazo sahani hukaa juu ya mota yenyewe. Inayojulikana zaidi ni Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972. Toleo la MK2 la mwaka 1979 huongozwa na kioo cha kwatzi, kwa hiyo haijali mizunguko ya umeme, inataka volti sahihi tu. Kiwanda kilisimamisha uzalishaji mwaka 2010 na kuurejesha mwaka 2016. Binafsi, kwa nyumba ambayo umeme hupanda na kushuka, ningechagua hiyo, hata ikiwa imechubuka, kuliko mpya ya bei poa.

Zile za sanduku zenye spika ndani ndizo za kuogopwa. Nyingi hukandamiza santuri kwa uzito wa gramu tano hivi, wakati mkono mzuri hutosheka na gramu mbili au pungufu. Na santuri zetu hazina mbadala. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Nyimbo za bendi zake zilichapwa Nairobi, na mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, kuzipata kukawa kazi. Ukiilima kwa sindano mbovu santuri iliyovuka mipaka hiyo kwenye mzigo wa wazazi, imekwenda.

Wenye santuri za kale za kuzunguka mara 78 wajue kwamba zinahitaji sindano yake, nene zaidi, na mashine yenye mwendo huo. Mashine nyingi za kisasa hazina.

Usisahau amplifaya. Mashine ya santuri hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti tano, na ukiuchomeka kwenye redio ya kawaida utasikia mnong’ono usio na besi. Tafuta tundu lililoandikwa PHONO, au ununue kikuza sauti kidogo cha kazi hiyo.

Kwa wafanyabiashara wanaopitisha mitumba Mutukula, Busia au Gatuna: msilipe kabla ya kuiwasha. Tazameni sahani ikizunguka, isipande na kushuka. Shikeni mkono taratibu. Ukichezacheza kwenye kiungo chake, acheni. Uzito wa nyuma ya mkono mara nyingi huwa umepotea, na bila huo hakuna mashine. Mkanda uliolegea usiwatishe, hubadilishwa.

Safarini vueni sahani na uzito huo, vifungwe kando kwa nguo, na mkono ufungwe kwa uzi laini. Sindano ipande mfukoni mwa mwenye mali, si juu ya basi.

Shemeji ameagiza puli kwa binamu yake aliyebaki Marekani. Santuri za mzee zimerudi kwenye kasha, zimesimama wima, mbali na dirisha.