Mlinzi Aliyekuwa Bubu

Meza ya kawaida ya nyumbani ina kimo cha sentimita 75 hivi. Kitu kikiponyoka juu yake hufika sakafuni kabla ya nusu sekunde kwisha. Kikiwa kikombe, hasara ni ya kikombe. Lakini mtoto akijikwaa kwenye waya wa umeme akaiangusha kompyuta ya mapajani, huenda zikapotea alama za wanafunzi, hesabu za duka na picha za arusi.

Sababu yake ni diski. Ndani ya kompyuta za aina hiyo mna sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa cha kusomea, na nafasi iliyo kati yao ni ndogo mno kuliko unene wa unywele. Mashine ikipata kishindo, kichwa hugonga sahani na kuikwaruza. Yaliyoandikwa mahali hapo hayasomeki tena.

Mwaka 2003 kampuni ya IBM ya Marekani ilianza kutia kihisi-mwendo katika kompyuta zake za ThinkPad. Kazi yake ni kutambua mashine inapoinama au kutikisika, ili kichwa kiondolewe juu ya sahani kabla ya kishindo. Ulikuwa ulinzi wa busara, lakini programu ya kuutumia ilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Waliotumia Linux, ambayo ni programu huria, walikuwa na mlinzi ndani ya nyumba, naye kwao ni bubu.

Mnamo 2005 mtafiti mmoja wa IBM katika maabara ya Almaden, California, aliandika na kutangaza namna ya kuzungumza na kihisi hicho. Kwa kutumia maandishi hayo, Robert Love na mwenzake waliandika draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, wakaiita hdaps. Wao wenyewe walikiri ndani yake kwamba iliwabidi pia kujaribu na kukosea mara nyingi. Iliingizwa katika Linux toleo 2.6.14, Oktoba mwaka huo huo, kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuisoma, kuisahihisha na kuigawa.

Uhuru huo haukuwa pambo. Ilibainika kwamba katika baadhi ya ThinkPad vipimo vilikuja kinyume: mashine ikiinamishwa upande mmoja, kihisi husema upande wa pili. Dawa yake ilikuwa kuweka ndani ya draiva orodha ya mashine hizo, ili vipimo vyake vigeuzwe. Wengine walifurahia jambo jepesi zaidi: kucheza michezo kwa kuinamisha kompyuta nzima kama usukani.

Hata hivyo, draiva huleta habari tu, haiamui neno. Programu nyingine, hdapsd, ndiyo iliyotazama vipimo na kuamua kwamba hatari imefika. Na njia rasmi ya kuiamuru diski iondoe kichwa chake iliingia katika Linux 2.6.28, Desemba 2008. Tangu kihisi kupata sauti hadi amri yake kuwa na njia iliyonyooka, ilipita miaka mitatu na zaidi.

Leo kompyuta nyingi mpya zina hifadhi isiyo na sahani wala kichwa, na mlinzi huyo hana kazi humo. Lakini diski za kuzunguka bado zimo katika mashine nyingi kuukuu tunazonunua na kurithishana. Basi, usiibebe mashine ya namna hiyo huku diski ikizunguka; izime kwanza. Waya wake usipite njiani mwa watoto. Na juu ya yote, weka nakala ya kazi zako mahali pengine, maana kihisi huweza kuiokoa diski, lakini hakizuii kompyuta kuanguka, wala kioo kuvunjika.

Tahadhari kabla ya hatari.