Sura ya Tano: Nani Kasema Mkulima Halipi Kodi?

Uongo huu umezoeleka hadi maofisini: eti nchi inabebwa na waajiriwa na wafanyabiashara wakubwa, mkulima wa Kibondo au Kasulu hachangii kitu. Kweli hana mshahara wa kukatwa, na mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato ya makadirio. Lakini sabuni, vocha na bati anavyonunua vina VAT ya asilimia 18, na dizeli ya mashine ya kusagia mihogo ina tozo katika kila lita.

Buha, nchi hii ya Kibondo na Kasulu, imelipa tangu ukoloni. Vijana waliokwenda Tanga na Morogoro kuwa manamba kwenye mkonge walitafuta kwanza fedha ya kodi ya kichwa, maana Mwingereza alitaka sarafu, hakutaka maharage. Baada ya uhuru kodi ya aina hiyo ilifutwa, ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, na ikafutwa tena mwaka 2003. Wanaume waliokuwa wakiwakimbia mgambo wa kodi wakapumua.

Mwaka 2017 Bunge likarekebisha ushuru wa mazao. Ulikuwa hadi asilimia 5 ya bei. Ukashushwa kuwa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Hapo wataalamu wengi hufunga hesabu: kisheria ushuru hulipwa na mnunuzi, kwa hiyo mkulima haumhusu. Si kweli hata kidogo. Mnunuzi anajua atakachodaiwa kwenye geti la ushuru, na anakitoa kwenye bei kabla hajafungua mkoba.

Na kuna lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ambayo haiwezi kupitwa juu juu. Tuseme maharage Kasulu ni shilingi 2,000 kwa kilo. Gunia la kilo 100 ni shilingi 200,000. Ushuru wa asilimia 5 ungekuwa 10,000, wa asilimia 2 ni 4,000. Nafuu ni 6,000. Sasa mnunuzi anashona kilemba juu ya gunia, kilo 20 zaidi, kwa bei ileile ya gunia. Mkulima amepoteza 40,000. Nafuu yote ya Bunge imemezwa na sindano na kamba ya katani, ingawa Sheria ya Vipimo inakataza ufungashaji huo. Anayezungumzia ushuru bila kutaja mizani hajafika mnadani.

Marekebisho hayohayo ya 2017 yalisamehe ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima anayepeleka magunia manane ya kilo 100 kutoka Kibondo hadi Kasulu hadaiwi, na ana haki ya kukataa kulipa. Asiyeijua haki hiyo hutoa fedha.

Tozo ya miamala ya simu, iliyoanza Julai 2021, nayo ilitetewa kwa hoja kwamba masikini hana cha kutuma. Lakini masikini ndiye anayepokea! Fedha ya mtoto aliyeko Dar es Salaam ilikatwa ikitumwa, ikakatwa tena mama yake alipoitoa kwa wakala. Septemba mwaka huohuo viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2023 tozo ya kutuma ikafutwa. Ya kutoa ikabaki, na Kibondo, ambako muuza mihogo sokoni anataka noti mkononi, kutoa ndiko kusikoepukika.